Gari Lililofugishwa Oldeani

Zahanati, Kakesio
14 Mei 2024

Mjomba Fabian,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama pia, na kahawa haijaingiliwa tena na wale wadudu wa mwaka jana. Mimi ni mzima. Mvua huku bado inanyesha, matope yamefika hadi mlangoni mwa zahanati. Wafugaji wamenipokea vizuri. Nimeshapewa maziwa mengi kuliko niliyokunywa Oldeani maisha yangu yote, na Nanyori, muuguzi ninayefanya naye kazi, ananifundisha Kimaasai cha kumuuliza mtu anaumwa wapi. Swali nimelishika, majibu ndiyo bado siyaelewi.

Naandika kwa sababu simu huku inashika kilimani tu, na tukizungumza unasikika kama uko ndani ya pipa. Dereva wa gari la chanjo amekubali kutubebea barua kila anapopita.

Sasa Mjomba, jambo lenyewe. Uhamisho ulikuja ghafla na gari langu nimeliacha kwenye banda lako la kahawa bila hata kukaa tukaongea. Najua wewe unaliona ni mchezo wa watoto. Lakini ile Subaru ya bluu, pamoja na uzee wake, ni gari la mbio, lina tabo, na likitengenezwa vizuri wenye magari yao Karatu watabaki kula vumbi. Basi nakufugishia, kama watu wetu wanavyofugisha ng'ombe. Wewe litunze, mimi nikirudi Desemba nilikute limenona.

Mambo yote nimeyasoma kwenye jarida la magari ambalo mtalii mmoja alilisahau hotelini Karatu. Mwambie fundi Senteu aongeze presha ya tabo, akate springi ili gari lilale chini, na bomba la moshi alifungue kabisa lingurume. Breki aziache, zinashika vizuri tu. Mafuta yawe yale ya okteni ya juu, yasiyogongesha injini, siyo haya ya kumiminiwa kutoka kwenye chupa kando ya barabara. Malipo tumeshaelewana na Senteu mwenyewe.

Usiniulize Desemba kuna nini. Ni jambo dogo la vijana.

Msalimie sana Mama.

Mpwa wako,
Inosenti


Oldeani
9 Juni 2024

Mpwa wangu Inosenti,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na doa la chai upande mmoja, nadhani dereva wa chanjo aliifanya sahani. Sisi ni wazima. Kahawa imeshika, tukijaliwa mwezi ujao tutaanza kuchuma. Mama yako anakusalimu. Bado anapeleka maziwa Karatu kila asubuhi, anasimama njia panda na madebe yake mpaka lipite gari lenye nafasi, na Jumapili anafika kanisani katikati ya mahubiri akiwa ameshakasirika.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila nikirudia naelewa pungufu. Unataka gari lishushwe chini. Barabara ya Oldeani unaijua, umekulia humu. Baada ya masika makorongo yake mtoto anaweza kusimama ndani asionekane. Gari likilala chini, litapita wapi? Au huko kwenye jarida hawana barabara?

Hata hivyo nilimwita Senteu, akaja na pikipiki, akaliendesha gari mpaka gereji yake nami nikiwa pembeni nimeshika mlango. Nikamsomea maagizo yako. Akaniambia, "Mzee, tabo ni feni inayosukuma hewa kwenye injini. Ukiongeza msukumo kuliko ilivyopangwa, na petroli ni hii yetu ya kawaida, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni inatoboka." Mteja mmoja aliyekuwa pale akasema huo ni uoga, yeye aliongeza na gari lilikuwa linapaa. Nikamuuliza liko wapi tulione. Akasema liko juu ya mawe, nyuma ya gereji. Sasa mimi nimsikilize nani? Wewe uko mbali, jarida ni la wazungu, Senteu anatikisa kichwa, na yule wa kwenye mawe ndiye aliyekuwa na uhakika kuliko wote.

Halafu umesema umenifugishia. Nashukuru kwa heshima hiyo. Desturi unaijua: ng'ombe wa kufugishwa, ndama ni wa mwenye mali, ila maziwa na samadi ni ya anayemlisha. Nilimuuliza mama yako kwa utani, gari linatoa maziwa gani. Hakucheka. Alikwenda bandani, akalizunguka, akarudi akasema atafikiri.

Niambie pia, matairi ya kukanyaga tope yanapatikana kwa gari kama hili? Na kiti cha dereva kinaweza kuvutwa mbele sana? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Fabian


Kakesio
7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo wote? Huku mvua imekatika, sasa ni vumbi. Nimeanza kusafiri na Nanyori kwenda maboma ya mbali kuchanja watoto, na juzi nilipewa jina la Kimaasai ambalo hakuna anayetaka kunitafsiria.

Barua yako haijanifikia, kwa hiyo sijui umefikia wapi. Nadhani kimya chako maana yake kazi inaendelea. Nimefikiri kuhusu mafuta. Kama petroli ya okteni ya juu haipatikani Karatu, nenda uwanja mdogo wa ndege pale Manyara, kuna jamaa anaitwa Moringe anayepakia mizigo. Mwambie akutafutie mafuta ya ndege. Jarida linasema yale hayagongi injini hata presha ikipanda vipi. Senteu ayachanganye nusu kwa nusu.

Na ile springi, akate hata mizunguko miwili.

Nyongeza: nilikuwa nafunga bahasha ndipo barua yako ya Juni ikafika. Nimeisoma nimesimama na sasa sielewi chochote. Nimekuagiza gari la mbio, unaniuliza matairi ya tope! Kiti kivutwe mbele kwa ajili ya nani? Wewe ni mrefu kiasi cha kuinama ukiingia kwako mwenyewe. Na habari ya kufugisha ilikuwa maneno ya mdomoni tu, Mjomba. Gari halina maziwa.

Inosenti


Oldeani
11 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunachuma kahawa, mgongo wangu umegoma na mama yako ananicheka. Yeye ni mzima mno. Siku hizi anaamka akiimba. Jumapili iliyopita alifika kanisani kabla ya katekista, mpaka padri akamuuliza kama kuna msiba.

Nilikwenda uwanja wa ndege kama ulivyoagiza. Moringe nilimpata. Akaniuliza, "Mafuta ya ndege ipi?" Kumbe ziko za aina mbili. Zile kubwa zinatumia kitu kama mafuta ya taa, na zile ndogo zinatumia petroli yao yenye madini ya risasi ndani. Mimi nikasema nataka ya ile inayokimbia. Akasema zote zinakimbia, mzee, ndiyo maana zinaruka. Tukatazamana. Nikarudi mikono mitupu na kichwa kinauma.

Senteu aliposikia nilikotoka alikaa chini kabisa. Akasema yale ya aina ya kwanza yangezima gari njiani. Yale ya pili yangekimbiza gari, sawa, lakini ile risasi ingeziba masega ya kuchuja moshi ndani ya bomba na kuua sensa, kile kifaa cha kupima moshi, ukabaki na gari linalokunywa mafuta na kukohoa. Kwa hiyo tunaweka petroli ya kawaida kutoka sheli yenye wateja wengi, kwa kuwa haikai tangini muda mrefu. Akitokea mtu anayetoka Arusha na ile ya okteni ya juu, tunaipokea. Zaidi ya hapo mimi nimefika mwisho wa akili yangu.

Springi hazikukatwa. Usikasirike. Senteu ameweka zilizo ndefu kidogo, kwa sababu mzigo wa nyuma ulikuwa unagusisha bomba la moshi kwenye mawe. Usiniulize mzigo gani. Bomba halikufunguliwa pia, ng'ombe wa jirani wana mimba na sitaki kesi.

Sasa na mimi nikuulize. Pale gereji vijana walikuwa wanaongea bila kunijua. Wanasema mwisho wa mwaka kuna watu watashindana kushuka mteremko wa Manyara, kutoka pale watalii wanaposimama kupiga picha ziwa mpaka chini Mto wa Mbu. Mmoja ni Julius, yule mwenye gari jeupe. Mwingine walimtaja kwa jina la utani, wakacheka, sikulielewa. Ni jambo dogo la vijana gani hilo lako la Desemba?

Fabian


Kakesio
8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa Mama, nafurahi anaimba.

Nimekasirika na sitaficha. Niliagiza gari lishuke, limepanda. Niliagiza lingurume, limenyamazishwa kwa heshima ya ng'ombe wenye mimba. Niliagiza presha, naletewa habari za sheli yenye wateja wengi. Kuna mzigo nyuma nisiouliza na kiti mbele nisichokijua. Nikilala najaribu kulipiga picha kichwani hilo gari na siwezi kuliona tena.

Umeuliza, nakujibu. Jina la utani walilolitaja ni Daktari wa Mbuzi. Ni mimi. Siku niliyoondoka na sanduku langu nilipita stendi ya Karatu, Julius amekaa juu ya boneti na madereva wenzake wa watalii. Tulianza darasa la kwanza pamoja, nilikuwa namwonyesha hesabu. Akapaza sauti, "Daktari wa Mbuzi, ndiyo safari ya Kakesio?" Walicheka wote, hata mama mmoja muuza viazi ambaye hanijui. Niliona aibu, Mjomba, na bado naiona. Nikamwambia tukutane Desemba kwenye mteremko, nikapanda gari la abiria nikaondoka. Huku watu wananiheshimu. Wanatembea siku nzima kuja kwangu. Lakini huku hakuna mtu wa Karatu anayeona.

Ni tarehe ishirini na nane. Nitateremka na gari la chanjo mpaka geti la hifadhi pale Loduare asubuhi. Naomba Senteu aniletee gari pale, likiwa na presha na springi nilizosema. Sihitaji kupitia Oldeani kwanza. Nikishamaliza nitakuja nyumbani kuwasalimia.

Mama asijue.

Inosenti


Oldeani
20 Oktoba 2024

Inosenti,

Marahaba. Barua hii imechelewa kwa sababu niliiandika na kuichana.

Lazima nikuambie jinsi barua yako ilivyofika. Unanijua, siwezi kusoma bila kutoa sauti. Nilikuwa nimekaa jikoni, mama yako anachambua maharage. Nilipofika kwenye mteremko mikono yake ikasimama. Nilipofika pale uliposema asijue, nilikuwa nimeshalisema. Alimaliza maharage yake, akatoka nje, nikasikia mlango wa banda.

Mimi naogopa, mpwa wangu. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema nimekosa. Mama yako Katarina alizaa watoto wanne na amezika watatu, na makaburi yao ndiyo yale unayoyaona ukifungua dirisha langu. Umebaki wewe. Julius akikuita daktari wa mbuzi, mbuzi nao wanaugua. Sijui kama hilo linakusaidia, sina jingine.

Kuhusu gari, Senteu alinikalisha akanieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Anasema gari la mbio linalotembea barabarani na watu, kitu cha kwanza si kulikimbiza, ni kulisimamisha. Kwa hiyo pedi za breki ni mpya, mbele na nyuma. Mafuta ya breki yamebadilishwa yote, maana yakizeeka yanachemka kwenye mteremko mrefu na pedali inazama mpaka sakafuni. Matairi ni mapya, ya barabarani lakini yenye meno. Oili, plagi, mipira ya rejeta, vyote. Ile rejeta ndogo ya kupooza hewa ya tabo ilikuwa imejaa nyasi, tumeiosha. Anasema kwa hayo tu gari limerudi kwenye nguvu lilizozaliwa nazo, na nguvu hizo zinatosha mtu mwenye akili. Presha hataigusa. Nilimsihi kwa ajili yako, Mungu ni shahidi, ingawa sikumsihi sana.

La mwisho. Desturi ya ng'ombe wa kufugishwa unaijua hata kama unasema yalikuwa maneno ya mdomoni. Hachukuliwi njiani. Mwenye mali anakuja nyumbani, anakaa, anakula, anamtazama mnyama wake, ndipo anakabidhiwa kamba. Mimi nililipokea gari kwa desturi hiyo na nimelilisha kwa desturi hiyo. Senteu hataleta gari getini.

Liko jambo moja zaidi, lakini nimeapishwa, na aliyeniapisha yuko jikoni kwangu.

Fabian


Kakesio
1 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Sitaandika mengi. Nimekusoma na nimeelewa unaogopa, lakini neno langu kwa Julius nimeshalitoa na watu wamelisikia.

Jambo jingine. Nanyori alikwenda Karatu kwa semina. Amerudi ananiambia ameliona gari langu sokoni, analitambua kwa picha niliyobandika ukutani. Limeegeshwa kati ya pikipiki za wauza mkaa. Anasema ndani yake alikuwa mama mtu mzima wa kitenge, kwenye usukani, na mwanamume mwenye mikono ya grisi kwenye kiti cha pembeni, na walikuwa wanagombana kuhusu gia ya nyuma. Anasema kulikuwa na madebe ya maziwa.

Nilimwambia amekosea. Akasema basi kuna Subaru mbili za bluu Karatu zenye mkwaruzo uleule mlangoni.

Mjomba, nani anaendesha gari langu?

Tarehe ishirini na nane asubuhi nitakuwa Loduare. Kama gari halipo nitapanda la mtu mwingine mpaka mteremkoni nikamwambie Julius mwenyewe kwamba sina gari.

Inosenti


Oldeani
17 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua za vuli zimekata njia, sijui hii itakukuta huko au utapishana nayo njiani. Kahawa tumemaliza. Mama yako hajambo.

Swali lako nimelisikia. Niliapa kwa msalaba na mimi ni mzee wa kanisa. Njoo nyumbani.

Fabian


Kakesio
5 Januari 2025

Mjomba Fabian,

Shikamoo. Nimefika salama. Barua yako ya Desemba nimeikuta mezani hapa, ilinisubiri. Nanyori anakusalimu, na wagonjwa wamenipokea kama mtu aliyepotea mwaka mzima.

Zile siku nilizokaa nyumbani hukuniuliza lolote, na mimi sikusema. Tulikula, tukaenda kanisani, ukanionyesha miche mipya. Naona karatasi ndiyo tumeizoea. Mama hatakusimulia, kwa hiyo nakusimulia mimi.

Nilishuka Loduare asubuhi nikiwa sitegemei kitu. Geti limejaa magari ya watalii. Katikati yao nikaliona la bluu, limesimama juu juu kwenye springi zake ndefu, safi, na kwenye kioo cha mbele imebandikwa herufi nyekundu ya L, ya mwanafunzi wa udereva. Kwanza nilidhani ni la mtu mwingine. Senteu alikuwa kiti cha nyuma, amejikunja. Mama alikuwa kwenye usukani, amekalia mto wa sebuleni kwako.

"Panda," akasema.

Nikamwambia, "Mama, sogea niendeshe mimi."

"Nimekuja kukuchukua, sijakuja kuchukuliwa. Panda."

Nilipanda. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilifunga mkanda nikafungua tena. Alitoa gari taratibu, akabadilisha gia bila kukwaruza, akampisha mtu wa baiskeli. Sikuwahi kumwona Mama akifanya kitu nisichojua anakijua. Tulipofika njia panda ya Oldeani hakukata kona.

"Mama, nyumbani ni huku."

"Nyumbani napajua. Kuna watu wanakungoja kule mbele, si ndiyo?"

Karatu tulimshusha Senteu gereji. Alinishika mkono dirishani akasema, "Daktari, sasa mwenye leseni ni wewe, kaa naye." Kisha tukaenda, Mama na mimi, mpaka pale juu penye watalii na ziwa.

Walikuwepo. Julius juu ya boneti yake, na vijana wengi na simu zao mkononi. Walipoona ile herufi nyekundu walianza kucheka. Gari liliposimama wakaona nani anaendesha, kicheko kikakatika. Julius alishuka kwenye boneti. Akavua kofia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani vile?"

"Wa Laurencia, wa Rhotia."

"Laurencia mzima?"

"Mzima, Mama."

"Anajua uko hapa?"

Julius alitazama chini. Alinitazama mimi pia, na nakuambia Mjomba, hakuwa na uso wa dharau. Alikuwa na uso kama wangu. Nadhani hata yeye alikuwa hajalala vizuri tangu tuahidiane.

"Haya mwanangu," Mama akasema, "sisi tumeshafika. Tangulia, tunakufuata."

Hakutangulia. Alisimama na kofia yake, na vijana wakaanza kuweka simu mfukoni mmoja mmoja. Mama alingoja kidogo, kwa adabu, akaona hakuna anayeondoka, akaingiza gia akaanza kuteremka.

Alishuka mteremko wote kwa gia ya pili. Malori yalitupita yakipiga honi. Kila kona aliikaribia akiwa ameshapunguza mwendo, na breki hazikutoa hata harufu. Hapo ndipo nilipotazama midomo yake. Ilikuwa inahesabu kona, moja moja, kuanzia juu mpaka chini, na uso wake mkavu kabisa. Nilitaka kumwambia aegeshe. Sikuthubutu.

Chini, Mto wa Mbu, alisimama karibu na wauza ndizi. Hakuzima injini. Aliiacha ingurume polepole, kama Senteu alivyomfundisha, tabo ipoe kwanza. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Mwanzo nilijifunza kwa ajili ya maziwa. Na raha pia, nisiseme uongo. Lakini tangu mjomba wako aliposoma ile barua nimeshuka hapa na Senteu kila wiki. Nilitaka niujue mteremko huu kona kwa kona. Siku ukianguka humu, sitaki kumwomba mtu anilete kukuokota."

Akazima gari, akashuka kununua ndizi.

Nililia, Mjomba. Mwanamume mzima, ndani ya gari langu, muuza ndizi mmoja ananichungulia dirishani. Mama aliporudi alijifanya hajaona. Aliweka ndizi nyuma, akazunguka mpaka upande wangu, akanipa ufunguo niendeshe kurudi. Niliupokea. Nikaushika kwa muda. Kisha nikamrudishia, akapanda, akauvuta mto wake mbele, na tukapanda mteremko yeye akiwa kwenye usukani.

Mpwa wako,
Inosenti